Ridhaa Iliyosainiwa na Ridhaa Iliyoeleweka

Mgonjwa wa macho aliyeweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa si lazima awe ameielewa tiba yake. Mkoani Mara wapo wazee wanaowaza kwa Kizanaki huko Butiama, kwa Kijita Musoma, na kwa Kiikizu Bunda, ilhali maelezo hutolewa kwa Kiswahili cha kitabibu.

Kosa kubwa huzaliwa pale magonjwa mawili yanapochanganywa. Katika mtoto wa jicho, lenzi yenye ukungu huondolewa, ya bandia ikapachikwa, na aghalabu uoni hurejea. Katika presha ya macho, yaani glaukoma, neva iliyokwisha kufa haifufuki. Upasuaji hulinda uoni uliosalia tu. Aliyeridhia akitarajia kuona kama jirani yake aliyetolewa mtoto wa jicho huweza kukata tamaa, akaacha dawa za matone, akapofuka kabisa.

Swali “Umeelewa?” halitoshi, kwani kwa heshima tu mzee hujibu ndiyo. Afadhali aombwe aeleze kwa lugha yake, ndugu akifasiri (si akijibu kwa niaba yake), jicho lipi litapasuliwa, kwa nini, na anatarajia kuona nini bandeji ikifunguliwa. Akikosea, maelezo huanza upya kabla ya kalamu kushikwa.