Neno Smati Lilianza kwa Kuuma

Jumamosi moja nilishuka matatu ya 111 pale Adams Arcade, Nairobi, nikateremka kwa miguu kuelekea soko la Toi. Nilikuwa na harusi wiki ile na koti langu la zamani lilikuwa limenibana mabegani. Kijana mmoja alikuwa ndio kwanza amefungua beli, na zile nguo za daraja la kwanza, ambazo wenye biashara ya mitumba huziita kamera, alikuwa amezitundika peke yake juu ya kibanda zisichanganyike na zile duni, za kufagia. Akateremsha koti la kijivu, akalikung'uta, akanishikia mabega yake nipime. "Mzee," akaniambia, "hii koti ni kali. Ukiidunga na shati nyeupe utakuwa smati mpaka watu waseme umeua."

Nilirudi nyumbani na koti, lakini kilichonikaa kichwani ni ile sentensi. Kijana yule alinisifia nguo kwa maneno manne, na yote manne asili yake ni maumivu. Kali ni makali ya kisu. Kudunga ni kutoboa, kama sindano inavyodunga ngozi. Kuua hakuhitaji maelezo. La nne ni smati, na hili ndilo ambalo msikilizaji hawezi kulishuku, kwa sababu lilifika kwetu limeshaoshwa na kupigwa pasi.

Waingereza wa miaka elfu moja iliyopita walilitamka "smeart", na kwao lilikuwa kivumishi cha kitu kinachouma: pigo la fimbo, jeraha bichi. Kiswahili kina kitenzi kinachoikaribia maana hiyo kuliko maelezo yoyote marefu, nacho ni kuchonyota. Kidonda kikimwagiwa maji ya chumvi kinachonyota. Hiyo ndiyo "smeart" ya kwanza. Lugha zilizo jamaa na Kiingereza hazijaiacha maana hiyo hadi leo: Mjerumani anapotaja maumivu husema "Schmerz", na Mholanzi ana neno "smart" lenyewe, ambalo kwake ni uchungu na huzuni. Hata Mwingereza wa leo, moshi ukimwingia machoni, bado husema macho yake "yana-smart". Kitenzi kilibaki nyumbani kwenye uchungu, kivumishi kikasafiri.

Kilisafiri vipi kutoka kwenye jeraha hadi kwenye koti? Anza na pigo lenyewe. Pigo linalouma ni lile lililotolewa kwa nguvu na kwa kasi. Kufikia karibu mwaka 1300 Waingereza walikuwa wakilitumia neno hili kwa ile nguvu na kasi, wakiyaacha maumivu nyuma: mwendo wa haraka, kazi iliyofanywa kwa bidii, mtu mchangamfu asiyelala kazini. Kutoka wepesi wa mwili hadi wepesi wa akili ni hatua moja tu, hasa ukikumbuka kwamba mwenye akili nyepesi ndiye mwenye jibu linalochoma. Maana ya werevu inaonekana wazi katika maandishi ya karne ya 17. Halafu mwaka 1718 tunalikuta neno limevishwa nguo: sasa ni mtu aliyevaa nadhifu.

Wapo wanaoona hatua hii ya mwisho ni ya ajabu. Mimi siioni hivyo. Itazame suruali iliyopigwa pasi ya makaa na fundi anayeijua kazi yake. Ule mkunjo wa mbele ni ukingo, umenyooka kama wembe. Nguo nadhifu ni nguo yenye kingo. Nguo chafu imelegea, haina mwanzo wala mwisho. Jicho linauona unadhifu kama linavyouona ukali.

Kuna jambo jingine katika safari hiyo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Inaelezwa kwamba maana hii ya mavazi ilikaa muda mrefu jikoni, midomoni mwa watumishi na watu wa madukani, na haikupanda hadi kwenye sebule za matajiri wa Uingereza mpaka karibu mwaka 1880. Sasa weka tarehe zetu kando ya hiyo. Uingereza ilitangaza himaya yake hapa mwaka 1895. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, kiliundwa mwaka 1902. Kwa hiyo Waingereza waliofika hapa walikuja na neno hili wakati maana ya mavazi ndiyo iliyokuwa imepata heshima mpya, tena walikuja kama maofisa, walimu na waajiri wa watumishi wa nyumbani, watu wa kukagua vifungo, kola na viatu.

Ndiyo maana tulipolikopa, tulikopa kipande kimoja tu. Neno la kigeni haliingii na ukoo wake wote. Huingia na mkoba mmoja, na ndani ya mkoba mna ile maana iliyokuwa ikitumika siku ile pale mlangoni. Mama wa Kakamega au Nyeri akiambiwa kwamba mtoto wake alikuja shuleni smati, fikra zake zinakwenda kwenye soksi na kola, haziendi kwenye matokeo ya mtihani. Kwa werevu alikuwa na maneno yake tayari, mengi na mazuri, hakuwa na haja ya kukopa.

Nikisimama pale Toi, historia hiyo haiko mbali. Soko limepakana na Kibera, na Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa Keya, watu wenye asili ya Sudani waliopewa nafasi katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Neno lenyewe, Kibra, katika Kinubi lina maana ya msitu. Upande wa juu ni Woodley, mtaa wa enzi za ukoloni, na Adams Arcade yenyewe, maduka yaliyojengwa miaka ya 1950 yakabeba jina la familia ya mwenyewe. Askari aliyezoea gwaride chini, nyumba za wakaguzi juu, na katikati leo kuna maelfu ya makoti yanayouzwa kwa neno walilolitumia wote wawili.

Sarufi nayo inatuambia kwamba smati bado ni mgeni. Tunasema mtu smati, watu smati, viatu smati. Halikubali kiambishi, sawa na safi, hodari na rahisi, ambayo yalikuja kutoka Kiarabu zamani na bado hayajabadilisha mavazi. Kali ni mwenyeji, kwa hiyo anavaa kila sare ya ngeli: mtu mkali, visu vikali, maneno makali. Mahali pekee ambapo Nairobi nzima imekubaliana kumvua kiambishi ni kwenye mageti. Pita Kilimani, pita Woodley, kibao kinasema "Mbwa Kali", na hakuna mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kumshawishi mchora vibao aandike mkali.

Na kali ndilo linalonifanya niandike makala hii, kwa sababu limepita njia ileile ya smati bila kufundishwa na yeyote. Lilianzia kwenye kitu kinachokata, likaenda kwenye kinachochoma ulimi au ngozi: pilipili kali, jua kali. Likaingia kwenye tabia: mwalimu mkali. Kisha likapanda daraja. Mafundi waliofanya kazi nje bila paa walipewa jina la adha iliyowapata, na leo jua kali ni jina la sekta nzima ya uchumi wa Kenya, jina linalotamkwa bungeni na kuandikwa kwenye bajeti. Mwanafunzi anayefahamu hesabu kuliko wenzake ni mkali wa hesabu. Mwisho, koti. Maumivu, werevu, mavazi, vyote vimo humo, na Mwingereza wa mwaka 1300 na muuzaji wa Toi hawakuwahi kukutana.

Kudunga, kwa maana ya kuvaa, ni mdogo zaidi, ni mtoto wa Sheng, lakini mantiki yake ni ileile. Wenzetu wa Dar es Salaam wana noma na hatari: jambo la kukuogofya limegeuka kuwa sifa, na mchezaji anayeitwa hatari hupigiwa makofi. Husikika walimu wakilalamika kwamba vijana wanaharibu lugha kwa kuyageuza maneno ya uovu kuwa ya sifa. Nawaheshimu walimu hao, nami nimekaa darasani miaka mingi, lakini hapa sikubaliani nao. Mwili hujifunza uchungu kabla ya kujifunza uzuri. Mtoto anajua kilichomchoma kabla hajajua kilichopambwa, na mtu mzima akitaka kusema kwamba kitu kimemgusa kwa nguvu, anarudi kwenye msamiati wa kwanza wa mwili wake. Lugha zimekuwa zikifanya hivyo tangu kabla ya kuwako Nairobi.

Kisha smati likarudi tena, safari hii kwa mlango wa mitambo. Katika Vita vya Vietnam Wamarekani walitumia mabomu yanayoongozwa hadi kwenye shabaha, na kufikia mwaka 1972 wakawa wanayaita mabomu "smart", maana yanajiendesha kana kwamba yana akili. Zikafuata kadi, kisha simu. Ile Simon ya IBM iliyouzwa mwaka 1994 huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Maana ya werevu tuliyoikataa mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa inabisha hodi, na safari hii ilikuwa imeshika bidhaa mkononi. Hatukuweza kusema simu smati, kwa sababu masikioni mwetu hiyo ni simu iliyofutwa vumbi. Watafsiri wakachagua janja, na simu janja ikashika Kenya na Tanzania, ingawa simu mahiri na simu ya kisasa bado husikika.

Wasomaji kadhaa wameniuliza kama hilo si tusi. Katika kamusi za zamani, ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikiwamo, mjanja amewekwa safu moja na ayari na laghai. Kweli. Lakini mtaa ulikuwa umeanza kumsafisha mjanja zamani. Sungura wa hadithi zetu alikuwa mjanja na tulimpenda kwa ujanja huo. Anayekuja mjini akachelewa kuerevuka, tunamhimiza ajanjaruke, na hatuna nia ya kumfanya mwizi. Tena Kiingereza chenyewe hakikuwa safi: "smart" hutumika pia kwa mtu anayejifanya mjuaji, mwenye ulimi wa kuvunjia watu heshima. Kwa simu, basi, janja ni chaguo zuri. Simu ina hila nyingi, inakufuata, inakujua, inakushawishi. Jina limeiweza.

Tatizo linaanza pale tunapolibandika neno hilo kila mahali ambapo Kiingereza kimesema "smart". Chukua mita ya stima inayotuma takwimu zake yenyewe. Ukimwambia mpangaji wa Kibera kwamba anawekewa mita janja, ataelewa kwamba anawekewa mita ya kumwibia, na hatakuwa amekosea Kiswahili. Chukua leseni mpya ya udereva yenye kichipu: leseni janja ni leseni ya kughushi, hiyo ndiyo maana ambayo askari wa trafiki yeyote angeipata. Mizani janja ndiyo mbaya kuliko zote, maana kila anayenunua nyama kwa kilo anaijua na ameshapunjwa nayo. Kifaa cha kupima au cha kuthibitisha kinategemea uaminifu, na janja haijafika huko. Labda itafika. Kali ilichukua vizazi.

Kwa vifaa hivyo tunalo mahiri, neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya fundi aliyeiva katika kazi yake, na halijawahi kumdanganya mtu. Mita mahiri. Mizani mahiri. Leseni inaweza kuitwa leseni ya kichipu tu, kwa sababu kichipu ndicho kilichoongezwa. Ninyi mnaotafsiri matangazo ya kampuni na ya serikali, nawaomba jambo dogo: kabla ya kulichapa neno, litamkeni mbele ya mtu anayeuza au anayenunua kitu chenyewe, kisha mtazame uso wake. Akikunja uso, lirudisheni. Simu iendelee kuitwa janja. Mita isiitwe hivyo.