Binti Naye Apewe Mpira

Mwaka 1965 nchini Uswisi, Madeleine Boll, binti wa miaka 12, alipewa leseni ya kuchezea klabu ya Sion, kisha akanyang'anywa kwa kuwa ni mwanamke. Wakati huo mama zake hawakuwa hata na kura ya taifa. Waliipata mwaka 1971.

Julai 2025 nchi hiyo hiyo iliandaa Kombe la Ulaya la wanawake. Mjini Geneva, Riola Xhemaili aliisawazishia Uswisi dhidi ya Ufini katika dakika za majeruhi, nayo ikaingia robo fainali kwa mara ya kwanza. Timu ya wanaume ilikuwa imefika hatua hiyo mwaka 2024.

Je, mzazi mwenzangu, binti yako akiomba mpira, utamjibu nini?