Dirisha Huoza kwa Upande Usiouona

Ndugu mkulima, ukijenga nyumba ya kudumu, usinunue fremu za madirisha kwa haraka. Chagua mtarakwa, sehemu ya kiini yenye wekundu; mchwa hawaipendi. Ukitumia saiprasi, hakikisha mbao zimekauka. Zipange kivulini juu ya mawe, na vijiti katikati yake ili upepo upite. Mbao mbichi hujipinda, na dirisha halitafungika.

Kabla fundi hajaitia fremu ukutani, ipake rangi pande zote, hasa mgongo utakaogusa ukuta na ncha zilizokatwa. Wengi hupaka mbele tu. Maji hupenya nyuma, na baada ya masika machache fedha ya maziwa yako imeoza ukutani. Kopo la rangi ni rahisi kuliko fremu mpya.