Stelingi hupendwa, lakini adui ndiye hubeba picha

Wiki iliyopita dadangu alinipigia simu akinitaka nizungumze na mwanawe. Kijana ana kazi ya ukarani hapa Mombasa. Mshahara si mnono, lakini ndio unaosaidia kulipa kodi ya nyumba. Jioni huigiza na wenzake. Majuzi alikwenda kujaribiwa kwa ajili ya tamthilia ya runinga, akaambiwa sura yake ni ngumu, haifai kuwa stelingi. Tangu hapo, leo anasema ataacha kazi aigize tu, kesho anasema hataki kusikia habari za uigizaji.

Sikumpa mawaidha. Nilimuuliza kama anamjua Mogambo. Akacheka. "Mjomba, nani asiyemjua Mogambo?"

Basi nikamuuliza kama anajua Mogambo alifanya kazi gani kabla ya kuwa Mogambo. Akanyamaza. Alikuwa karani.

Jina lake ni Amrish Puri. Alizaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Punjab, India. Kaka zake wawili, Chaman na Madan, walimtangulia kwenye filamu, na ungedhani mlango ulikuwa wazi kwake. Haukuwa. Mwaka 1954 alijaribiwa akitaka kuwa stelingi, akakataliwa. Uso wake ulionekana mkavu kama jiwe. Akaenda kutafuta riziki kwenye shirika la serikali la bima ya wafanyakazi mjini Bombay, na akakaa huko takriban miaka 20.

Lakini hakukaa tu. Akitoka ofisini alikwenda kwenye michezo ya jukwaani. Huko hakuna kamera ya kumsogelea mtu usoni, kwa hivyo mwigizaji hana budi kufikisha neno hadi kwa aliyeketi kiti cha mwisho. Ndiko alikoinoa ile sauti nzito ambayo baadaye ilitutia baridi. Mwongozaji wake wa jukwaani, Satyadev Dubey, alimshauri asiache kazi mpaka apate nafasi nzuri kwenye filamu. Alipoonekana katika "Reshma Aur Shera" mwaka 1971, alikuwa anakaribia miaka 40. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, heshima kubwa ya sanaa za maonyesho nchini India, na aliipata kwa kazi ya jukwaani.

Wengi wetu tunamjua kwa picha za ngumi na mayowe. Lakini kabla ya hizo aliigiza katika filamu za Shyam Benegal zilizozungumzia maisha ya vijijini. Katika "Manthan" ya mwaka 1976 yeye ni mwenye kiwanda anayenunua maziwa ya wafugaji kwa bei ya kutupa, tena kwa tabasamu na maneno matamu. Mvuvi au mkulima wa korosho hapa Pwani atamtambua mara moja: ni dalali. Hapigi mtu kofi, na bado unamwogopa kwa sababu unamjua.

Hapo ndipo ilipo siri ya mwigizaji wa aina hii. Stelingi tunampenda kabla hajafanya lolote. Adui lazima atushawishi. Adui akiwa dhaifu, ushindi wa stelingi hauna maana. Ni sawa na timu kuifunga timu isiyo na kipa. Kazi ya adui ni kutufanya tuamini kwamba safari hii huenda wema ukashindwa.

Katika "Mr. India" ya mwaka 1987, Puri kama Mogambo amevaa koti la kijeshi lenye nakshi za dhahabu na nywele za bandia, mavazi ya kuchekesha kabisa. Lakini hachekeshi. Anaketi, anagongagonga vidole, kisha kwa sauti ya chini anasema Mogambo amefurahi, akijitaja kana kwamba anamsifu mtu mwingine. Askari wake wanajitosa kwenye tindikali kwa amri yake. Jina lenyewe latugusa sisi Waswahili, kwa kuwa liko jirani na mgambo, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tena mwaka 1953 Hollywood ilitoa picha yenye jina hilo hilo, iliyopigwa Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo.

Mpwa wangu alikuwa na swali: je, mtu hajidhalilishi kwa kuigiza ubaya miaka yote? Swali la haki. Mwaka 1984 Puri alinyoa kichwa akawa Mola Ram, kuhani mng'oa mioyo katika filamu ya Steven Spielberg, "Indiana Jones and the Temple of Doom". Filamu ile iliwaudhi Wahindi wengi kwa namna ilivyowachora wao na dini yao, na nadhani walikuwa na sababu. Lakini mwigizaji huyo huyo, miaka miwili kabla, alikuwa Khan katika "Gandhi", mfanyabiashara wa Afrika Kusini aliyesimama upande wa haki. Na mwaka 1995, katika "Dilwale Dulhania Le Jayenge", alikuwa baba mkali mwenye duka London, ambaye mwishoni anauachia mkono wa bintiye akimbilie treni. Nimewaona wazee wa mtaani kwetu wakijifuta machozi hapo, wakisingizia vumbi.

Alifariki Mumbai tarehe 12 Januari 2005, akiwa na miaka 72, baada ya filamu zaidi ya 400. Ule uso uliokataliwa mwaka 1954 ndio uliomlisha.

Sikumwambia kijana aache kazi, wala sikumwambia aache kuigiza. Si kila karani atakuwa Amrish Puri, na ningekuwa mwongo kumwahidi. Nilimwambia mshahara wa mchana si adui wa sanaa ya jioni, ila aache kuomba nafasi ya stelingi na aombe ya adui.

Na kwenu mnaochagua waigizaji hapa Pwani, nina ombi. Tumechoka na tamthilia ambazo kila mtu ni mrembo na adui ni mtu wa kupiga kelele tu. Mkiletewa kijana mwenye uso mgumu, msimrudishe nyumbani kabla hamjamsikia akizungumza.

Dadangu amenipigia tena jana. Anasema mwanawe anakwenda kazini kama kawaida, ila usiku hawalali; anafanya mazoezi ya sauti bafuni.