Mama Sarah wa Kogelo na watoto wa wenyewe

Mama Sarah Obama alizikwa Kogelo, kaunti ya Siaya, Machi 30, 2021, siku moja tu baada ya kufariki mjini Kisumu akiwa na umri wa miaka 99. Kwa Wajaluo, ambao matanga yao huweza kuchukua wiki nzima na zaidi, mazishi hayo yalikuwa ya haraka mno. Lakini marehemu alikuwa Mwislamu, na kwa taratibu za Kiislamu akazikwa.

Vyombo vya habari vya ulimwengu vilitangaza kwamba nyanya ya rais wa zamani wa Marekani ameaga dunia. Wengi hawakujua kwamba Barack Obama hakuwa mjukuu wake wa damu. Mama mzazi wa baba yake, Habiba Akumu, aliondoka katika boma la mumewe, Hussein Onyango, akawaacha watoto. Sarah, ambaye naye aliozwa kwa Onyango angali msichana, kwa mume aliyemzidi umri kwa mbali, ndiye aliyewapokea. Kuanzia hapo hakuna aliyemsikia akisema hawa wangu, wale wa mwenzangu.

Yeye mwenyewe hakusoma. Wakati wake, msichana wa pwani ya Ziwa Viktoria kwa kawaida hakupelekwa shule. Alifundishwa jembe, mifugo na jiko. Ndiyo maana kisa cha baiskeli kinanigusa kuliko yote yaliyosimuliwa juu yake. Barack mkubwa, baba yake rais, alipokuwa mdogo, mama huyu alimpakia kwenye baiskeli akampeleka shule Ng'iya, kilomita tisa kutoka Kogelo. Hebu ifikirie safari hiyo, msomaji, katika Siaya ya wakati wa mkoloni: mwanamke asiyejua kusoma anakanyaga baiskeli barabara ya vumbi, nyuma yake kuna mtoto ambaye hakumzaa, na nyumbani mbuzi, kuku na shamba vinamngoja. Mtoto huyo baadaye alisoma Maseno, na mwaka 1959 akasafiri kwenda chuo kikuu Hawaii. Mengine yote ambayo dunia inayajua juu ya ukoo huo yalianzia kwenye baiskeli hiyo.

Mama Sarah alibaki na jembe lake, na mazao yaliyobaki baada ya familia kula aliyapeleka sokoni. Mjukuu wa Marekani alipofika Kogelo kwa mara ya kwanza miaka ya 1980, alimkuta katika maisha hayo hayo, nyumba haina umeme wala maji ya bomba. Hawakuwa na lugha moja, ikabidi kutafutwa mkalimani. Chini ya mwembe wa boma lile ndipo kijana huyo alipohadithiwa habari za babu yake na baba yake, na masimulizi hayo yamo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995.

Kisha ukaja ukimwi. Nyanza ndiyo iliyoumia kuliko mikoa yote ya Kenya. Maambukizi yake yalifikia takriban mara mbili ya wastani wa taifa. Siaya ikajaa maboma ambamo baba na mama wamelala makaburini, na nyanya mwenye miaka sabini anaanza upya kulea watoto. Mama Sarah aliwachukua mayatima, wengine akawalea nyumbani kwake. Serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, nafuu ilipatikana, lakini sare, viatu na madaftari havikuwa bure, na karo ya sekondari ilibaki pale pale. Hapo ndipo wasichana walipokuwa wakiachwa nyuma, na hapo ndipo Mama Sarah alipoongeza juhudi.

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, uliompa mjukuu wake urais, umeme ulifika Kogelo, na wageni wakaanza kumiminika. Aliwapokea. Angeweza kukaa kitako na kula heshima ya uzeeni, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliutumia umaarufu ambao hakuutafuta kuwasaidia watoto: wakfu uliobeba jina lake ulilipa karo, ukanunua sare na vitabu, ukawapa mayatima chakula na matibabu. Mwaka 2014, akiwa amepita miaka tisini, alisafiri hadi New York kutunukiwa tuzo katika Umoja wa Mataifa kwa juhudi zake za elimu. Akarudi kwake Kogelo.

Naamini tunakosea tunapomkumbuka kama nyanya ya rais. Angekuwa na mjukuu dereva wa matatu, hesabu ya watoto aliowasomesha isingepungua heshima. Na wako wengi kama yeye, Alego, Bondo, Homa Bay, Migori, ambao hakuna kamera iliyowahi kuingia bomani mwao. Miongoni mwao, wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi fedha hizo huchelewa huku shule zimefunguliwa. Wanaozishughulikia wazitoe kwa wakati. Nawe msomaji, ukienda mashambani likizo hii, muulize chifu ni nyanya yupi anayesomesha wajukuu mayatima peke yake, kisha umnunulie mmoja wao sare kabla muhula haujaanza.