Kukunja si Kuvunja

Ndugu zetu wazazi, kila vijana wenye mapanga wanapovamia watu Kisauni au Likoni, sote huuliza: polisi wako wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini lipo jingine tusilopenda kuliuliza: kijana huyu, alipokuwa na miaka sita, alilala vipi usiku nyumbani kwao?

Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, zaidi ya nusu ya wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 24, na karibu nusu ya wanawake wa umri huo, walieleza kuwa walifanyiwa ukatili kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoto apigwaye, au amshuhudiaye mamake akipigwa, mwili wake hujifunza kukesha. Moyo humwenda mbio hata pasipo hatari. Akitazamwa tu, huona ametishwa. Hujifunza pia kwamba ugomvi humalizwa na mwenye nguvu. Ongeza ufukara, kuacha shule na baba asiyejulikana aliko, kisha kundi la mtaani likamwita ndugu: ni lipi litakalomzuia asiitike?

Hatumwondolei kijana dhima ya panga lake. Wala hatusemi kuwa kila aliyeumizwa ataumiza. Wengi hawakumdhuru mtu. Aghalabu alikuwapo mtu mzima mmoja thabiti, akiwa nyanya, khalati, jirani au mwalimu wa chuoni, aliyemsikiliza pasi na kumkemea.

Wapo wasemao samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli, lakini kukunja si kuvunja. Al-Aqra' bin Habis alipomwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hassan, alistaajabu, akasema ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi.

Basi sisi walimu wa madrasa tuiweke bakora chini. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, nayo inamkinga mtoto na kila aina ya ukatili. Akina baba tuulize habari za siku kabla ya kuuliza makosa. Nanyi akina mama, mkisikia mtoto wa jirani akilia kila usiku, msiseme hayo ni mambo ya ndani. Mwiteni, mlisheni, zungumzeni na wazee wake kwa hekima. Na ikiwa anaumizwa, namba 116 hupigwa bila malipo, usiku na mchana.