Sauti za Nyumbani Zihamishwe Nyumbani

Mwaka uliopita, baada ya darsa ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaa wa Shela, hapa Malindi, uso umemsawijika. Alikuwa amepanda tuktuk kwenda sokoni, na dereva akawa amefungulia nyimbo za vugo. Mama akatega sikio. Sauti iliyokuwa ikiongoza ilikuwa ya marehemu mamake, aliyeimba miaka mingi iliyopita katika harusi ya bintiye, ndani ya nyumba, mbele ya wanawake watupu. Dereva hakuwa na kosa. Nyimbo hizo alitiliwa simuni dukani, pamoja na nyingine chungu nzima.

Tulipouliza, tukaifahamu njia iliyopita sauti ile. Mjukuu wa marehemu aliitoa katika kaseti akaitia katika kompyuta, na alifanya jambo jema, kwani joto na unyevu wa pwani yetu haviuonei huruma utepe wa kaseti. Kisha akasafiri kwenda Oman kutafuta riziki. Mama alipotaka kuisikiliza katika simu yake, hapakuwa na mtu nyumbani ajuaye namna ya kuihamisha, basi kompyuta ikapelekwa kwa mtia nyimbo, ikashinda huko mchana kutwa. Simu ilirudi na sauti aliyoitaka mama. Nakala ilibaki katika mashine ya duka.

Wasomaji wetu watatuwia radhi: hukumu ya ala za muziki si maudhui yetu leo. Wanavyuoni wamekhitalifiana, na mahali pake ni darsani. Tunalolizungumza ni amana, ile tuliyoamrishwa katika Suratu Nisaa, aya ya 58, tuifikishe kwa wenyewe. Kaseti ilikuwa na mlango wake: aliyetaka kuisikia sharti aingie nyumbani, aketi, aandaliwe kahawa. Faili haina mlango. Ikishanakiliwa mara moja, hakuna ajuaye imefika wapi.

Na kazi yenyewe, enyi mama zetu, haizidi ugumu wa kupima unga wa mahamri. Kwa simu za Android, chukua waya wa kuchajia, uunganishe simu na kompyuta, kisha ufungue kufuli la simu. Aghlabu simu itajichaji tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Teremsha kwa kidole ile orodha ya arifa iliyo juu ya kioo, gusa palipoandikwa kuwa simu inachajiwa kwa USB, uchague kuhamisha faili. Simu itajitokeza katika kompyuta kama kabati jipya. Fungua kabati hilo, utafute folda ya muziki (hilo ndilo jina simu iliyoipa, hata kama ndani yake mna kasida na darsa tupu), kisha unakili humo faili yako. Tumesema unakili, hatukusema ukate: ya asili ibaki katika kompyuta mpaka uisikilize ile ya simuni tangu mwanzo hadi mwisho. Na ikiwa kompyuta haiioni simu kabisa, jaribu waya mwingine, kwa sababu ziko nyaya zinazopitisha umeme pekee.

Wenye iPhone wana njia yao. Katika kompyuta ya Windows huhitaji programu ya Apple, kama iTunes. Lakini wasome kila onyo kabla ya kukubali, kwani kuioanisha simu na kompyuta ngeni kunaweza kufuta nyimbo zilizokuwamo.

Mwengine atalalamika kuwa simu imejaa. Atazame faili yake ni ya aina gani. Kaseti ya dakika 60 iliyohifadhiwa kwa WAV hula kiasi cha megabaiti 600. Ikigeuzwa kuwa MP3 ya kiwango cha kawaida, haifiki megabaiti 60, na sikio la mtu mzima halitaona tofauti kubwa katika kaseti kuukuu.

Asiye na budi kwenda dukani asiiache kompyuta. Atie faili moja tu katika flashi, akae ubavuni mwa fundi, na amwambie waziwazi kuwa hataki nakala ibaki. Ziko pia flashi zenye ncha mbili, moja ya kompyuta na moja ya simu. Mwenye nayo hamhitaji fundi.

Kuna suala ambalo waya hautatui, nalo ni kundi la familia la WhatsApp. Mama yule aliulizwa na ndugu zake wa Kilifi awatumie vugo lile, na shemeji wanaume wamo kundini. Akatuomba rai. Tulimwambia kuwa marehemu aliimba akijua ni nani waliomo chumbani, na hatumo katika nafasi ya kumuongezea wasikilizaji. Awawekee dada zake mmoja mmoja, wanapomtembelea. Baadhi ya ndugu hawakuridhika nasi, na wanatuambia hivyo hadi leo.

Tulikwenda pia kwa mwenye duka. Aliomba radhi akafuta alichokuwa nacho, lakini hakuweza kututajia ni simu ngapi alizokwisha kuzitia. Kaseti ya pili ya marehemu ingali sandukuni. Mama anamsubiri mjukuu arudi likizo, na waya ameshanunua.